Kabla ya kumjengea mtu nyumba, kaa naye jikoni

Makete kuna baridi, na karibu kila nilichojifunza huko juu ya kuwajengea watu nyumba kinaanzia kwenye baridi hiyo. Mimi ni mtu wa Rabai, bara kidogo ya Mombasa, ambako nyumba hujengwa ili upepo upite. Ukuta wa fito na udongo, paa la makuti, uwazi kati ya ukuta na paa ili joto la mchana litoke jioni. Makete iko mkoani Njombe, juu kwenye milima ya Livingstone, na sehemu yake kubwa imezidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai ukiamka alfajiri unaweza kukuta umande umeganda mweupe kwenye majani ya viazi. Huko nyumba nzuri ni ile isiyoruhusu joto likimbie. Mtu aliyekulia chini ya makuti anaweza kukaa kwenye kamati ya ujenzi miaka mingi na jambo hilo lisimjie akilini hata mara moja.

Tulikwenda kama kikundi cha vijana wa kanisa. Wengi walikuwa wametoka tu shule ya upili, nami nilikuwa mweka hazina na dada yao mkubwa wa safari. Uhusiano wetu na Makete ulianzia kwa wachungaji wawili waliosoma chuo kimoja cha theolojia. Mmoja alirudi pwani ya Kenya, mwingine akapangiwa usharika kule milimani, upande wa Matamba unapopanda kuelekea Kitulo. Miaka yote wakawa wanaandikiana na kuombeana. Ndipo yule wa Makete akaandika kwamba ana bibi katika usharika wake anayelea wajukuu kwenye nyumba iliyoanguka ukuta mmoja, na kwamba waumini wameshaanza kufyatua matofali, ila bati na saruji zimewashinda. Hakuomba watu, aliomba bati. Wazo la kwenda sisi wenyewe lilitoka kwetu, na nitalirudia baadaye kwa sababu ni zito.

Bibi anayelea wajukuu si habari ngeni Makete. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ndio ulioumizwa na Ukimwi kuliko mikoa mingine ya Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Wakinga, ambao ndio wenyeji wengi wa Makete, ni watu wa biashara. Utawakuta Mbeya, Iringa, Dar es Salaam, wakianza na meza ya nguo na kumaliza na duka. Kwa miaka mingi wenye nguvu walikuwa barabarani na mijini, wakirudi nyumbani kwa misimu, na ugonjwa ulirudi nao. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini, kizazi kizima cha akina baba na akina mama kilipungua. Siku hizi watu wanameza dawa, wanalima, wanazaa watoto wasio na virusi, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini nyumba zilizoachwa na wale waliotangulia zilikosa mtu wa kuzikandika upya, na bibi wa miaka sabini hawezi kupanda juu ya paa.

Nilikuwa na sababu yangu pia. Rabai ndipo wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoweka kituo chao mwaka 1846, miaka miwili baada ya Krapf kumzika mkewe Mombasa. Nimekua nikiona wageni wakija kutazama jengo lile la zamani, wakipiga picha, wakiondoka. Misheni kwangu ilikuwa kitu kinachokuja kwetu kutoka ng'ambo. Kufikiri kwamba watoto wa Rabai nao watatumwa, watavuka mpaka wakiwa na Biblia na sweta za kuazima, kuliniliza siku ile mchungaji alipolitangaza kanisani. Nyanda za juu kusini nazo zina historia kama yetu: Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, wakipitia Ziwa Nyasa, na injili ikaenea milimani kutoka huko. Kwa hiyo tulikuwa watoto wa misheni tukiwaendea watoto wa misheni, na hakuna aliyekuwa mfadhili wa mwenzake. Angalau ndivyo tulivyotaka iwe.

Njia ni ndefu. Tulivuka Lunga Lunga kuingia Horohoro, pasi mkononi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tukapita Tanga, Chalinze, Morogoro. Barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na vijana walishindana kuhesabu twiga. Kisha Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake kando ya lami, kisha mlima Kitonga ambako malori hupanda yakiugulia, kisha Iringa, Mafinga, Makambako. Tuliendelea na barabara kuu ya Mbeya hadi Chimala kwa sababu bati na saruji tulizinunua Mbeya mjini, na lori lilipaswa kukutana nasi pale. Kutoka Chimala unapanda ukuta wa mlima kwa zile kona 57 mpaka Matamba. Vijana wa pwani waliacha kuimba kwenye kona za mwanzo. Juu kabisa, tambarare ya Usangu ikiwa imebaki chini kabisa kwenye vumbi, mlango wa gari ulipofunguliwa ikaingia hewa ambayo sikuwahi kuivuta maishani mwangu.

Sasa nifike kwenye jiko.

Baba Mchungaji wa Makete hakutupeleka kwanza kwenye kiwanja. Alitupeleka kwa bibi mwingine, jirani, ambaye miaka kadhaa nyuma kikundi fulani kutoka mbali kilimjengea nyumba. Nyumba ilikuwa imara: msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, madirisha mawili ya vioo. Tukapiga hodi, hakuna aliyeitika. Mchungaji akazunguka nyuma, akaita, na sauti ikatoka kwenye kibanda cha zamani chenye paa la nyasi, cheusi kwa moshi. Bibi alikuwa humo. Analala humo. Ile nyumba ya bati alikuwa ameifanya ghala, amejaza magunia ya viazi na mahindi.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba mjukuu wangu, ingieni, kuna moto."

Tukaingia tukainama, tukakaa kwenye vigoda kuzunguka mafiga. Macho yaliwasha, lakini kwa mara ya kwanza tangu Chimala vidole vyangu vikakunjuka. Mama Mchungaji alikuwa anatutafsiria pale Bibi aliporudi kwenye Kikinga. Hakulalamika hata kidogo. Aliwataja wale waliomjengea kwa upendo na kusema anawaombea. Tulipomuuliza kwa nini halali kwenye nyumba nzuri, alishangaa kwamba tunauliza. Bati usiku linashusha baridi, alisema. Saruji inapanda na baridi yake kutoka chini. Nyumba ile haikupewa jiko, kwa hiyo haina moto, na mtu wa umri wake akilala bila moto mwezi wa saba, asubuhi magoti hayamtii.

Akatuonyesha juu. Kwenye uchaga juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi. Moshi unazuia wadudu wasiyatoboe mpaka msimu wa kupanda. Unakausha kuni zilizopangwa pembeni. Unalinda hata nyasi za paa zisiliwe. Kuku wawili walikuwa wamelala nyuma ya mtungi. Wajukuu walikuwa wanafanyia hesabu zao za shule kwa mwanga wa ule moto. Kila kazi ya kaya ile ilikuwa inafanyika kwenye duara moja la joto, na nyumba ya bati ilijengwa nje ya duara hilo.

Mimi siwalaumu waliojenga. Walitoa walichokuwa nacho, na ukuta wao utasimama muda mrefu. Lakini nilikaa pale nikiwa na ramani yetu ndani ya mkoba, vyumba viwili na sebule, nikajua kwamba haitatoka mkobani kabla hatujakaa na bibi yetu vilevile.

Basi siku zilizofuata hatukugusa tofali. Tulikaa jikoni kwa Bibi wetu, yule wa nyumba iliyoanguka ukuta. Vijana waliokuja wamejikaza kwa kazi walinung'unika kidogo, hata mmoja akaniuliza, "Dada, tumetoka Rabai kuja kumenya viazi?" Nikamwambia amenye. Kumenya viazi na mtu kunafungua kinywa chake kuliko kikao chochote nilichowahi kuitisha. Bibi alianza kusema mambo ambayo hangemwambia mgeni mwenye daftari. Kwamba mjukuu wa kike ameshakuwa mkubwa na anahitaji chumba chenye kitasa. Kwamba upepo mkali hutokea upande fulani, mlango usitazame huko. Kwamba anataka akae kwenye kigoda chake aone njia, aone anayekuja, maana mchana kutwa yuko peke yake. Kwamba moto wa kupikia tu haumtoshi. Anataka moto wa kuota, wa kukaa nao.

Fundi wa pale, mwanamume mpole aliyejifunza uashi kwa baba yake, alisikiliza yote akiwa amechuchumaa mlangoni. Kisha akachora chini kwa kijiti. Jiko liwe ndani ya nyumba, chumba kamili, si kibanda cha nje. Ukuta wa nyuma wa jiko uwe ndio ukuta wa chumba cha kulala cha Bibi, ili matofali yakipata moto jioni yampe joto usiku. Mafiga yajengwe kwa matofali, yawe wazi upande wa mbele wa kuotea moto, na bomba la moshi litoke juu ili macho na vifua vya watoto vipone. Uchaga wa mbegu uwe palepale juu. Sakafu ya jiko ibaki udongo ulioshindiliwa, saruji iwekwe sebuleni na chumba cha mjukuu wa kike. Chini ya bati pigwe dari la mabanzi.

Hayo mabanzi yalinifurahisha kupita kiasi. Nyanda za juu kusini zimejaa misindano ya kupandwa, na viwanda vidogo vya mbao viko kila upande. Gogo likipasuliwa, zile pande za nje zenye gamba, ambazo hazifai kuwa mbao, ndizo mabanzi. Watu wanayatumia kwa uzio, mabanda ya ng'ombe, kuni. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mbao. Ukiyapanga kwa karibu chini ya bati na kukandika mianya, hewa ya katikati inazuia baridi isishuke na joto la moto lisipae moja kwa moja. Hakuna mtu Rabai angeweza kuliwaza jambo hilo. Fundi aliliwaza kwa sababu analala huko.

Kuna jambo jingine Baba Mchungaji alilishikilia kabla ya msingi kuchimbwa, na natamani kila kikundi cha kanisa kinachokwenda kujenga popote kilishikilie. Kiwanja kilikuwa cha marehemu mume wa Bibi. Ndugu wa mume wapo. Kibanda kilichoanguka ukuta hakimvutii mtu, lakini nyumba ya bati huamsha tamaa, na siku Bibi akilala usingizi wa mwisho wajukuu wanaweza kujikuta nje. Kwa hiyo tulikwenda ofisi ya kijiji, kwa mtendaji na mwenyekiti, ndugu wa mume wakaitwa, mipaka ikatembelewa kwa miguu na majirani wakiwa mashahidi, muhtasari ukaandikwa na kila mmoja akatia sahihi au dole gumba. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na chini yake kijiji kinaweza kumpa mtu hati ya hakimiliki ya kimila. Mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume. Maombi ya hati yakaanzishwa kwa jina la Bibi pamoja na wajukuu. Vijana waliona siku nzima imepotea ofisini. Mimi niliona hiyo ndiyo siku nyumba ilipojengwa, maana ukuta ukianguka husimamishwa tena, lakini yatima aliyenyang'anywa kiwanja nani atamrudishia?

Kazi yenyewe ilianza, na hapo tukapewa cheo chetu. Sisi sote, wenye vyeti na wasio navyo, tulikuwa saidia fundi. Hilo lilikuwa sharti la usharika tangu mwanzo, na lilikuwa sharti la busara. Katika kijiji kile mafundi wanaishi kwa uashi msimu wa kiangazi. Kundi la wageni likija kujenga bure, kazi imetoka mkononi mwa baba fulani na chakula kimetoka mezani kwake. Kwa hiyo fundi na wenzake wawili walilipwa kwa bei ya kijiji, kila Jumamosi, bila kupunguzwa kwa kisingizio kwamba ni kazi ya Mungu. Niliandika malipo hayo kwenye kitabu changu kabla ya matumizi mengine yoyote. Sisi tulibeba mawe, tulichota maji, tulikoroga udongo kwa miguu, tulipokezana matofali kwa mstari kutoka kwenye tanuru hadi kwenye kiwanja.

Tanuru lilinifundisha subira. Matofali mabichi kama 6,000 yalikuwa yamefyatuliwa na waumini tangu mvua zilipokatika, yakakaushwa chini ya majani, na kazi ya kuyapanga na kuyachoma ilisubiri tufike. Unayapanga kama mlima mraba, ukiacha midomo chini ya kuingizia kuni, na ndani unaacha nafasi ndogo moto upite. Kisha unakandika nje kote kwa udongo. Moto ukishawashwa haupaswi kulegea, kwa hiyo watu wanalinda kwa zamu usiku kucha, wakisukuma magogo ya mikaratusi ndani ya midomo, wakitazama juu kama joto limefika kwenye kozi za mwisho, yaani safu za juu za matofali. Zamu yangu niliilinda na wazee wawili wa kanisa na kijana mmoja wa kwetu. Wazee walichoma viazi pembeni ya mdomo wa tanuru, wakatugawia vikiwa na majivu, wakatuhadithia jinsi walivyochoma matofali ya nyumba ya ibada ya kijiji chao wenyewe na kuijenga, tofali kwa tofali, bila mgeni hata mmoja. Hawakusema hivyo kwa kutusimanga. Walikuwa wanatukaribisha kwenye kazi iliyokuwa inaendelea kabla yetu. Kijana wangu alisikiliza, halafu akauliza swali alilokuwa amelificha siku zote: kama wanajua kujenga hivi, sisi tumekuja kufanya nini? Mzee akamjibu, "Umekuja kulinda moto na mimi. Juzi nililinda peke yangu."

Moto ukizimwa lazima tanuru lipoe lenyewe kwa siku kadhaa. Ukilibomoa na haraka yako, tofali linapasuka. Siku hizo tulichimba msingi na kupanga mawe.

Mambo ya kuta niyapite upesi, ingawa fundi angeninunia. Tofali la kuchoma huloweshwa kabla ya kulazwa, la sivyo linanyonya maji yote ya udongo na kiungo kinabaki unga. Kila kozi ipimwe kwa kamba na pima maji, kila kona kwa timazi. Saruji kwa kuwa ni ghali iliwekwa pale inapohitajika: juu ya msingi, kwenye linta za juu ya milango na madirisha, na kozi ya mwisho inayobeba kenchi, zile mbao za kushikilia paa. Sisi tuliruhusiwa kushika mwiko baadaye, kwenye ukuta wa ndani, fundi akiwa nyuma yetu. Dada mmoja wa kikundi, ambaye nyumbani ni mshona nguo, alikuwa na mkono mnyoofu kuliko wavulana wote, na fundi akambakiza kwenye ukuta mpaka mwisho. Siku ya kupaua kijiji kizima kilikuja. Wanaume walipandisha kenchi, papi zikapigiliwa, bati zikapokelewa juu moja baada ya nyingine, na mchana akina mama wakaja na ugali, maharage na viazi vya kuchemsha kwenye masinia. Bibi alikaa kwenye kigoda akielekeza.

Nirudi kwenye lile zito. Mimi ni mweka hazina, siwezi kuacha kupiga hesabu. Nauli ya mmoja wetu kwenda na kurudi ingenunua bati za kutosha kufunika chumba. Ukijumlisha nauli za kikundi chote, zingenunua nyumba nyingine, na pengine zaidi. Mchungaji wa Makete aliomba bati, nasi tukaleta bati pamoja na sisi wenyewe. Je, ilikuwa haki? Nimeliomba swali hili, nimelijadili na wazee wa kanisa letu, na jibu langu halijabadilika: safari ina haki pale tu inapofungua mlango ambao fedha peke yake haziwezi kuufungua, na pale tu wenyeji wameshapewa kwanza walichoomba. Fedha zingetumwa peke yake, nyumba ya Bibi ingejengwa, na ingejengwa vizuri, maana fundi ni yuleyule. Kwetu Rabai, lakini, hakuna ambaye angejua habari za jiko. Tungeendelea kutuma ramani. Na vijana wetu wangeendelea kuamini kwamba kutoa ni kazi ya anayejua na kupokea ni kazi ya asiyejua. Waliorudi hawaamini hivyo tena. Kijana aliyelinda tanuru sasa anajifunza uashi kwa fundi wa Kaloleni. Wawili walikwenda kwa bibi zao, palepale Rabai, wakakandika kuta zilizokuwa zimebomoka miaka yote wakizipita.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema safari hizi zote ni utalii wenye Biblia, na sikubaliani pia na wanaosafiri bila kuhesabu. Mithali ya wazee inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kikundi cha misheni kinachofika tayari kimeshika jembe lake, kimejua shamba ni lipi na mstari uanzie wapi, kimeruka zile siku mbili, na zile siku mbili ndizo za kusikiliza.

Jambo la picha nalisema kwa ukali. Watoto wale wamefiwa. Wapo wanaomeza dawa na hawajui jirani gani anajua. Tulikubaliana kabla ya kuondoka Rabai kwamba hakuna uso wa mtoto utakaorushwa mtandaoni, na tulipiga picha za kuta, mikono, na tanuru. Walionuna walinuna. Yatima si tangazo la kukusanyia sadaka, hata sadaka ikiwa ya kweli.

Ibada ya kuweka wakfu nyumba ilifanyika asubuhi, jua likiwa bado halijapanda vizuri. Wakinga wanaimba sauti nne bila kinanda, na besi ya wazee wale unaisikia tumboni. Baba Mchungaji alisoma Zaburi ya 127, kwamba Bwana asipoijenga nyumba wajengao wafanya kazi bure. Halafu hakuhubiri kuhusu sisi hata kidogo. Alihubiri kuhusu Bibi, jinsi alivyowalea wajukuu na imani yake ikiwa nzima, na akawaomba vijana wa usharika wasiache kumkatia kuni. Nilimshukuru Mungu kwa hotuba ile. Baada ya ibada watu walisongamana jikoni, si sebuleni, na Bibi akawasha moto kwa mara ya kwanza. Bomba la moshi lilisita, likatoa moshi ndani kidogo, fundi akapanda juu akarekebisha kofia yake, na moshi ukatoka ulikopaswa kutokea. Mjukuu wa kike alikuwa ameshafunga kitasa cha chumba chake na kukifungua mara nyingi, kukijaribu tu.

Kwa wanaofikiria safari kama hii, wapange kwa kalenda ya milima. Mvua hukatika karibu na Mei, ndipo matofali yafyatuliwe. Kwa hiyo fedha za awali zitumwe kabla ya hapo, kwa usharika, na si kusubiri kikundi kizibebe mfukoni. Juni mpaka Septemba ndio muda wa kuchoma na kujenga. Paa liwe juu kabla ya Novemba, maana mvua ikirudi barabara za milimani huwa tope na ukuta wa udongo usio na kofia unayeyuka. Masuala ya vibali vya wageni kufanya kazi ya kujitolea yaulizwe uhamiaji mapema kupitia kanisa linalowapokea. Mafundi walipwe. Na mtu mzima mmoja wa kikundi akae jikoni kwa mwenye nyumba kabla ramani yoyote haijachorwa, hata ikibidi atangulie wiki nzima peke yake.

Sisi mwaka huu hatujengi nyumba mpya. Baba Mchungaji amezunguka usharika na kukuta nyumba nyingine za bati zilizojengwa kwa misaada bila jiko, ikiwemo ile ya bibi jirani aliyeifanya ghala. Sadaka yote tuliyokusanya Rabai tangu Krismasi inakwenda kwenye vyumba vya jiko na dari za mabanzi kwa nyumba hizo. Imeshatumwa. Fundi ameanza na bibi jirani, kwa kuwa msingi wake uko tayari na matofali yalibaki, na amewachukua vijana wawili wa kijijini awafundishe ujenzi wa bomba la moshi. Kutoka kwetu watakwenda watu wachache tu mwezi wa saba, wale ambao usharika umewaomba kwa majina: dada mshona nguo, kwa ajili ya mkono wake, na kijana anayejifunza uashi Kaloleni, ambaye mzee wa tanuru aliuliza kama atakuja tena.